Umepewa herufi badala ya alama: mwongozo kamili wa I, ABS, W na mtihani maalumu chuoni

Matokeo yametoka. Masomo manne yana B+ na B kama kawaida, la tano lina herufi ambayo haipo kwenye jedwali la madaraja: I. Au ABS. Au nafasi tupu. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa kila mtu ana tafsiri yake. Mmoja anasema umefeli, mwingine anasema itajirekebisha yenyewe mfumo ukihuishwa, wa tatu anasema kamuone mwalimu atakurekebishia. Ukimfuata yeyote kati ya hao watatu unaweza kupoteza somo.

Herufi maalumu maana yake ni kwamba chuo hakijaamua. Faili lako liko wazi na lina tarehe ya kufungwa. Usipolifunga wewe kwa nyaraka, kanuni italifunga, na mara nyingi kanuni hufunga kwa sifuri. Nimeona wanafunzi wazuri kabisa wakishuka daraja la shahada kwa ajili ya karatasi moja ambayo haikufika ofisini kwa wakati, na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Ninaanza na vyuo vikuu vya Tanzania, kisha nitagusa Kenya, na mwishoni kuna maneno kwa walio Marekani na Uingereza. Majina ya herufi hutofautiana kati ya chuo na chuo. Kabla hujaendelea kusoma, fungua prospekta au kijitabu cha kanuni za mitihani cha chuo chako, tafuta ukurasa wenye jedwali la madaraja, usome maelezo madogo yaliyo chini yake. Humo ndimo utakapojua nani yuko sahihi.

Alama ya kawaida inavyojengwa

Vyuo vingi Tanzania hugawa alama za somo mara mbili: 40 za tathmini endelevu, ile tunayoiita CA (majaribio, kazi za makundi, mazoezi ya maabara), na 60 za mtihani wa mwisho wa muhula, yaani UE. Vyuo vingi vya umma Kenya hutumia 30 kwa 70. Jumla hugeuzwa kuwa daraja. Kwa mizani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ngazi ya shahada ya kwanza, 70 na kuendelea ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C, na chini ya hapo hujafaulu. Kila daraja lina pointi: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Pointi huzidishwa kwa krediti za somo, yaani uzito wake, jumla ikagawanywa kwa krediti zote, ukapata GPA, yaani wastani wako wa pointi. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7, na shahada ya kawaida 2.0.

Mashine hii inakwama kwa sababu tatu tu. Kipande kimoja cha alama kimekosekana. Au alama zipo zote lakini chuo kimezishikilia. Au somo lenyewe halikukusudiwa kupewa alama tangu mwanzo. Ukipewa herufi ngeni, swali lako la kwanza kwa mratibu wa mitihani wa idara liwe hilo: niko kundi gani kati ya haya matatu? Majibu yake hukuonyesha mlango wa kugonga.

Hatua ya kwanza: isome herufi yako sawasawa

I ni matokeo ambayo hayajakamilika. Kwa kawaida hutolewa pale chuo kinapojua, kwa maandishi, kwamba ulikuwa na sababu ya kutofanya mtihani au sehemu ya CA. Neno la kuzingatia ni "kwa maandishi".

ABS, ambayo vyuo vingine huandika ABSC, maana yake hukuonekana kwenye chumba cha mtihani na hakuna sababu iliyo kwenye faili. Vyuo vingi huichukulia kama kufeli, na vingine kanuni zao zinaruhusu kukuondoa chuoni kabisa kwa kutoroka mtihani bila ruhusa. Huyu si mwenzake na I hata kidogo, ingawa machoni pa mwanafunzi wote wawili wanaonekana kama "sina matokeo".

W ndiyo inayochanganya kuliko zote. Kuna chuo ambako inasema matokeo yamezuiliwa, labda kwa ada au uchunguzi. Kuna kwingine inasema ulijiondoa kwenye somo kwa hiari. Usikisie. Uliza.

Tasnifu na miradi inayovuka muhula hupewa alama ya kuonyesha kazi inaendelea. Hii haina shida yoyote mradi msimamizi wako ametoa taarifa ya maendeleo. Mafunzo kwa vitendo, field, na baadhi ya semina hutolewa kwa kufaulu au kutofaulu tu, bila kuingia kwenye GPA, japo usipofaulu huhitimu. Masomo uliyohamisha kutoka chuo kingine huandikwa kuwa yametambuliwa: unapata krediti, hupati pointi. Anayefikiria kuhama chuo akiwa na A nyingi mkononi alijue hilo kabla hajajaza fomu.

Halafu kuna nafasi tupu, au kistari. Hiyo ni alama iliyopotea, na nimeitengea sehemu yake huko chini kwa sababu ina vita yake.

Kwa nini I na ABS ni mbingu na ardhi

Chukua mwanafunzi mwenye masomo matano ya krediti 12 kila moja. Manne amepata B, yaani pointi 3. La tano alikuwa amelazwa.

Akiwa na I, somo hilo halihesabiwi popote. Pointi 144 zinagawanywa kwa krediti 48, GPA yake ya muda ni 3.0. Akiwa na ABS iliyogeuzwa sifuri, pointi ni zile zile 144 lakini zinagawanywa kwa krediti 60. GPA inashuka hadi 2.4. Mtu yule yule, homa ile ile, tofauti ni barua. Kwa 3.0 yuko daraja la pili la chini, kwa 2.4 yuko kwenye shahada ya kawaida.

Hatua ya pili: pigania mtihani maalumu, usikubali sapu kirahisi

Hapa ndipo haki nyingi hupotelea, kwa sababu mitihani hii miwili kwa macho haitofautiani. Katika vyuo vingi msimu wake ni mmoja, kwa kawaida karibu na mwisho wa likizo ndefu kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa. Chumba ni kimoja, karatasi ya maswali ni moja, msimamizi ni mmoja.

Aliyefeli mara ya kwanza anafanya sapu, yaani mtihani wa marudio. Akifaulu, hata apate 85, daraja lake la juu kabisa ni C. Aliyekosa mtihani kwa sababu iliyokubaliwa anafanya mtihani maalumu. Kwake ni mara ya kwanza: CA yake inaingia kwenye hesabu, na alama anayopata ndiyo anayoandikiwa. Waketi dawati moja na kuandika majibu yanayofanana, jumla ikawa 63 kwa wote wawili: wa mtihani maalumu anaondoka na B+, wa sapu anaondoka na C. Pointi 4 kwa 2.

Kwa somo la krediti 12, hiyo ni tofauti ya pointi 24. Ukizigawa kwa krediti 360 za shahada nzima ya miaka mitatu, GPA inapungua kama 0.07. Mtu atasema ni kidogo. Aliyekosa mitihani mitatu kwa ugonjwa ule ule ataona 0.2 imekwenda, na mstari wa 3.5 haumsubiri mtu.

Kwa hiyo jina lako likitoka kwenye orodha ya sapu ilhali uliahirisha mtihani kwa barua, usiende kuufanya kimyakimya ukidhani ni mamoja. Nenda ofisi ya mitihani na nakala ya barua ya kukubaliwa, orodha irekebishwe kabla ya siku ya mtihani. Ukishaufanya kama sapu na matokeo yakapita Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni, kubadilisha ni safari ya miezi.

Tahadhari moja: ukifeli mtihani maalumu, mara nyingi msimu wa sapu ndio huo umeshapita, na unaweza kulazimika kulibeba somo hadi mwaka unaofuata. Kuahirisha kunakupa muda wa kupona. Tumia sehemu ya muda huo kusoma.

Hatua ya tatu: ugonjwa, msiba, uzazi — nyaraka kabla ya mtihani

Kanuni za vyuo vingi zinataka uombe kuahirisha kabla mtihani haujafanyika, au ndani ya siku chache baada yake kama dharura ilikuzuia. Soma kanuni yako inasema siku ngapi. Ofisi hazina mazoea ya kusamehe hapa.

Kama unaumwa, nenda kwanza kwenye zahanati au hospitali ya chuo hata kama unatibiwa kwingine. Sababu ni ya kiutaratibu: vyuo vingi vinataka daktari wa chuo athibitishe cheti kilichotoka nje. Cheti kutoka duka la dawa la mtaani hakitakusaidia, na ED (ruhusa ya daktari ya kupumzika) ya siku moja haitoshi kuahirisha mitihani ya wiki mbili. Hakikisha cheti kina mambo haya: jina lako kama lilivyo kwenye usajili, tarehe ulizougua, kauli ya daktari kwamba huwezi kufanya mtihani kwa tarehe hizo, sahihi na muhuri. Kauli ile ya tatu husahaulika mno. Daktari ataandika "ametibiwa malaria" na kuishia hapo. Kwa mjumbe wa bodi, mtu aliyetibiwa malaria Jumatatu anaweza kufanya mtihani Alhamisi. Mwombe daktari kwa heshima aandike kuanzia lini hadi lini huna uwezo wa kukaa kwenye mtihani.

Usiingie chumba cha mtihani ukiwa mgonjwa kwa nia ya kujaribu bahati, ukikusudia kulalamika baadaye. Ukishasaini fomu ya mahudhurio na kukabidhi kijitabu cha majibu, vyuo vingi huhesabu kwamba ulijiona mzima, na alama uliyopata ni yako. Ukizidiwa katikati ya mtihani, inua mkono, mwambie msimamizi, aandike kwenye taarifa yake ya chumba, na upelekwe zahanati ukitoka hapo hapo. Mtu aliyeondoka kimya akaenda kulala hosteli hana ushahidi wowote zaidi ya kijitabu chenye kurasa nyeupe.

Msiba wa mzazi, mwenza, mtoto au ndugu wa damu hukubaliwa na vyuo vingi. Kibali cha mazishi au barua ya serikali ya mtaa au kijiji hutosha kuanzia. Wewe uko njiani kwenda Songea usiku, huna muda wa kuandika barua. Basi mtume CR (kiongozi wa darasa) au rafiki apeleke taarifa fupi ya maandishi kwa mkuu wa idara asubuhi, hata kwa baruapepe, wewe ulete viambatisho ukirudi. Taarifa ya mapema, hata ikiwa nusu, huokoa.

Wajawazito na waliojifungua: omba mapema, na omba kwa jina lake. Hakuna aibu ya kuficha ndani ya "ugonjwa". Kadi ya kliniki ina tarehe ya makadirio, na kama tarehe hiyo inaangukia wiki za mitihani, barua inaweza kupelekwa miezi miwili kabla. Naamini kwa dhati kwamba chuo kinachomlazimisha binti kuchagua kati ya wodi ya uzazi na chumba cha mtihani kimeshindwa kazi yake, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili ya kuzuia jambo hilo. Itumie.

Hatua ya nne: barua

Barua hupitia ngazi: mkuu wa idara, kisha amidi (dean) wa shule kuu au rasi (principal) wa ndaki, kisha ofisi ya mitihani. Vyuo vingi hupendelea Kiingereza, lakini mifupa ni hii hii kwa lugha yoyote:

*YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MTIHANI WA MWISHO WA MUHULA*

*Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, mwenye namba ya usajili … Naomba ruhusa ya kuahirisha mtihani wa somo lenye msimbo … uliopangwa kufanyika tarehe … saa … katika ukumbi wa … Nililazwa Hospitali ya … kuanzia tarehe … hadi tarehe … kama cheti kilichoambatishwa kinavyoonyesha. Alama zangu za tathmini endelevu katika somo hili zimekamilika. Naomba niruhusiwe kufanya mtihani maalumu katika msimu ujao, uhesabiwe kuwa mtihani wangu wa mara ya kwanza.*

Sentensi ya mwisho ndiyo roho ya barua, maana ndiyo inayokutofautisha na mtu wa sapu. Taja kila somo kwa msimbo wake. "Mitihani yangu yote" ni ombi ambalo karani hawezi kuliingiza kwenye mfumo. Usiandike historia ya maisha. Chapa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Kama ofisi inapokea kwa mfumo wa mtandaoni tu, piga picha ya skrini inayoonyesha ombi limetumwa. Kisha subiri jibu la maandishi. Kauli ya "hamna shida, tumeshakuelewa" iliyotamkwa mlangoni haiingii kwenye kikao cha bodi.

Hatua ya tano: kama kilichokosekana ni CA

Vyuo vingi vina kiwango cha chini cha CA, na ukikosa kukifikia huruhusiwi kuingia UE. Jaribio ulilokosa kwa sababu halali hushughulikiwa na mwalimu wa somo mwenyewe, kwa jaribio mbadala, na hili linamalizika ndani ya idara bila Seneti. Fanya mapema. Mwalimu wiki ya nne ya muhula ana nafasi. Wiki ya mwisho ana rundo la kusahihisha na likizo ya kufikiria.

Kabla ya UE, orodha ya CA hubandikwa au hupitishwa darasani watu wasaini. Isome kweli. Angalia namba yako, angalia kila safu, ongeza mwenyewe kwa kikokotoo. Piga picha. Kusaini orodha yenye pengo ni kukiri kwamba pengo ni sahihi.

Hatua ya sita: alama zilizopotea

Ulifanya mtihani, ulisaini, ulikabidhi, matokeo yanasema hukuwepo au hayasemi kitu. Kenya jambo hili lina jina linalojulikana na kila mzazi, missing marks, na limewachelewesha watu kuhitimu kwa miaka. Ofisi ya Ombudsman nchini humo imekuwa ikipokea malalamiko yake na kuyafuatilia kwa vyuo. Tanzania lipo pia, ingawa tunalizungumza chinichini.

Sababu zenyewe huwa za kawaida: namba ya usajili imekosewa tarakimu moja, kijitabu kimeingia kwenye bahasha ya mkondo mwingine, mwalimu wa muda ameondoka na alama kwenye kompyuta yake, au ulifanya mtihani wa somo ambalo hukujisajili kwenye mfumo. Hii ya mwisho ni ya mwanafunzi, na hutokea kila mwaka: mtu anahudhuria darasa muhula mzima, anafanya jaribio na mtihani, hajabofya kitufe cha kusajili somo. Alama zake zipo kwenye karatasi ya mwalimu, mfumo hauna pa kuziweka. Kwa hiyo wiki ya pili ya kila muhula ingia kwenye mfumo, chapisha fomu ya usajili wa masomo, uihifadhi.

Ushahidi wako mkubwa ni fomu ya mahudhurio ya chumba cha mtihani. Ina namba yako, sahihi yako, na katika vyuo vingi namba ya kijitabu cha majibu ulichotumia. Fomu hizo hubaki idarani au ofisi ya mitihani. Barua yako isiombe "mnisaidie alama zangu". Iombe kitu kinachoweza kutekelezwa: kwamba fomu ya mahudhurio ya somo fulani, tarehe fulani, ukumbi fulani ikaguliwe, na kijitabu chenye namba hiyo kitafutwe. Jizoeze kuandika namba ya kijitabu kwenye tiketi au kitambulisho chako cha mtihani ukitoka nje, pale wasimamizi wanaporuhusu. Ukiwa ndani, usiandike chochote kwenye kitambulisho.

Elewa pia kwa nini mwalimu peke yake hawezi kukumalizia. Alama hutoka kwake kwenda idarani, hupitiwa na mtahini wa nje, hupelekwa bodi ya ndaki au shule kuu, kisha Seneti huidhinisha. Kabla ya Seneti, mwalimu hurekebisha kwa fomu na sahihi ya mkuu wa idara. Baada ya Seneti, mabadiliko yanahitaji kikao. Matokeo ya awali yanapobandikwa ndio wakati wako wa dhahabu: lalamika siku hiyo hiyo, usisubiri yawe rasmi.

Kama mtihani wenyewe umepotea kabisa na kosa ni la chuo, jibu la haki ni mtihani maalumu usio na malipo. Usikubali kuandikiwa C ya huruma bila kuelezwa kwa maandishi imetokana na nini.

Hatua ya saba: matokeo yaliyozuiliwa

Ada: hili halina siri. Lipa, au ingia makubaliano ya maandishi na ofisi ya fedha, kisha peleka risiti mwenyewe ofisi ya mitihani, kwa sababu mifumo miwili mara nyingi haizungumzi. Ukidaiwa huku mkopo wako umechelewa, pata barua ya afisa mikopo inayoonyesha hali yako. Alama zako zipo, zinakusubiri. Huhitaji kurudia chochote.

Uchunguzi wa udanganyifu ni jambo zito zaidi. Una haki ya kuambiwa tuhuma kwa maandishi, kupewa nafasi ya kujieleza mbele ya kamati, na kupewa uamuzi kwa maandishi. Usiandike maelezo ya haraka pale chumbani ukiwa umetetemeka zaidi ya kueleza kilichotokea kwa ukweli. Omba nakala ya ulichosaini. Serikali ya wanafunzi katika vyuo vingi ina uwakilishi kwenye vikao hivi. Watafute kabla ya kikao.

Kuahirisha mwaka mzima

Ugonjwa mrefu, kukosa ada, kumuuguza mzazi: wakati mwingine kuahirisha mwaka ni busara kuliko kukusanya I sita. Omba kabla mitihani haijaanza, taja tarehe ya kurudi, na ukirudi andika barua ya kurejea, maana mfumo haukufungulii wenyewe. Angalia ukomo wa muda wa masomo. Kwa shahada ya miaka 3 vyuo vingi hukomea miaka 5. Mwenye mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, amwone afisa mikopo wa chuo siku ile ile anayopata kibali, kwa sababu bodi hufuata taarifa inayopelekwa na chuo. Mtu aliyeahirisha bila bodi kujulishwa huonekana kama aliyeacha masomo, na bumu lake, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likija kusimama hajui amlaumu nani.

Dharura inapokuwa ya chuo kizima

Machi 2020 vyuo Tanzania vilifungwa kwa sababu ya korona na vikafunguliwa Juni 1. Mihula ilisogezwa, almanaki zikaandikwa upya. Vyuo vingi vya Marekani vilikwenda njia nyingine: vilimruhusu mwanafunzi achague kufaulu au kutofaulu badala ya daraja, na Uingereza vingi vikaweka kanuni kwamba wastani wa mwanafunzi usishuke chini ya ule aliokuwa nao kabla ya janga. Kwa maoni yangu kusogeza muhula ndiyo njia ya haki zaidi pale inapowezekana, kwa sababu transkripti inabaki na madaraja yanayosomeka na mwajiri.

Mfano mchungu zaidi ni chuo cha Garissa, Kenya. Baada ya shambulio la kigaidi la Aprili 2, 2015, wanafunzi waliosalimika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Garissa wakati huo ilikuwa chuo kishiriki cha Moi, kwa hiyo walihamia kwenye chuo mama, wala hawakuwa wageni wa kuanza upya kuomba utambuzi wa masomo yao. Mzazi anayemchagulia mtoto tawi dogo la mkoani aulize swali hili mapema: kikitokea kitu hapa, kumbukumbu za mwanangu ziko wapi, na nani mwingine anazo?

Ninyi viongozi wa madarasa, ikitangazwa dharura, andikeni swali moja kwa idara na mpate jibu la maandishi: CA tuliyokwisha kufanya inabaki au inafutwa?

Hatua ya nane: rufaa

Panda ngazi kwa mpangilio. Mkuu wa idara, amidi au rasi, ofisi ya mitihani, kamati ya rufaa ya Seneti. Rufaa ina siku zake na mara nyingi ada yake. Kamati nyingi hazisikilizi hoja ya "nilistahili zaidi". Zinasikiliza kwamba utaratibu ulikiukwa: barua yako yenye muhuri haikuzingatiwa, CA haikujumlishwa, uliandikwa sapu badala ya mtihani maalumu. Panga rufaa yako kwa tarehe, kila tarehe na kiambatisho chake.

Ngazi za chuo zikiisha, Tanzania unaweza kupeleka malalamiko TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), au NACTVET kwa vyuo vya kati, na pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hushughulikia malalamiko ya utendaji mbovu wa taasisi za umma. Kenya, ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 zinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kuitaja ibara hiyo ndani ya barua, kwa upole, huharakisha majibu.

Ukiwa nje ya nchi

Marekani, I ni makubaliano kati yako na profesa, yana tarehe, na ikipita kwa kawaida hugeuka F yenyewe. W huonekana kwenye transkripti lakini haiingii kwenye GPA. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 ngazi ya shahada ya kwanza anatakiwa kubaki na krediti 12 kwa muhula, kwa hiyo usijitoe kwenye somo hata kwa ugonjwa kabla ofisi ya wanafunzi wa kimataifa haijakuidhinishia mzigo mdogo kwenye mfumo wa uhamiaji. Idhini hutangulia, kujitoa hufuata. Uingereza utaratibu unapitia fomu ya mazingira magumu, nayo ina muda mfupi mno baada ya mtihani.

Hatua ya mwisho: hakikisha herufi imeondoka

Mtihani maalumu ukishafanyika na Seneti kupitisha, ingia kwenye mfumo uone daraja limechukua nafasi ya I. Kisha angalia GPA imehesabiwa upya. Mara nyingine daraja linabadilika na wastani unabaki wa zamani hadi mtu abonyeze upya. Muhula wa mwisho kabla ya kuhitimu, omba transkripti ya muda na uipitie mstari kwa mstari kuanzia mwaka wa kwanza, krediti zote 360 zikiwa na daraja, alama ya kufaulu au utambuzi. I ya mwaka wa kwanza iliyosahaulika hugunduliwa wiki ya kuandaa orodha ya wahitimu, wakati mwalimu aliyefundisha somo ameshahamia chuo kingine. Na barua zako zote zenye muhuri, ziweke kwenye bahasha moja mpaka siku unapokabidhiwa cheti mkononi.